Watu wa Sinema Katika Zafarani Yangu

Jumatatu, 13 Oktoba

Muuguzi wa zahanati ya Taliouine kanipima presha leo. Akapima tena, halafu akaniuliza, "Mama, unagombana na nani?" Nikamwambia orodha ni ndefu, achague mwenyewe. Akasema nikiendelea kupayuka hivi nitaanguka katikati ya shamba na maua yangu yatachumwa na watu wengine. Dawa kanipa, na daftari juu yake. Kila hasira ikipanda, niandike badala ya kupiga kelele.

Haya, naandika. Simpendi Bihi.

Jumanne, 14 Oktoba

Hiyo jana ilinipunguzia kidogo, basi naendelea.

Bihi ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, Belaid. Belaid alipofariki, miaka mitano sasa, familia ilikaa na baraza la kijiji wakaniachia shamba la zafarani. Bihi ndiye aliyedai liwekwe sharti: shamba ni langu maadamu nalichuma mwenyewe kila msimu. Siku maua yakiachwa kunyauka yakiwa bado ardhini, shamba linarudi kwake. Alilisema akiwa amevaa kanzu ya msiba, macho makavu kabisa.

Ua la zafarani huchanua asubuhi na jua likilipata sawasawa limekwisha. Kwa hiyo kwa wiki nne mimi huwa shambani kabla ya jua, niwe mzima niwe mgonjwa. Miaka mitano sijamwachia Bihi hata ua moja. Naye kila msimu hupita nje ya ukuta akilipima shamba langu kwa hatua.

Leo amepita. Akasema, "Shemeji, jiandae, kuna wageni wa sinema kutoka Casablanca. Nimewakaribisha." Nimekaribishiwa wageni kwa mdomo wa mtu mwingine.

Jumatano, 15 Oktoba

Wamefika. Magari manane, na la tisa limekwama mtoni, mtoni penyewe hamna maji. Wamesimamisha mahema kwenye uwanja wetu wa kupuria shayiri bila kuuliza. Mkubwa wao ni bonge la mtu mwenye kofia nyekundu na koti refu. Anafoka tangu aliposhuka garini. Kila anachosema, wenzake wanajibu, "Ndiyo, mkuu!" kisha wanafanya kinyume.

Kijana mmoja tu ndiye mwenye adabu, amevaa sweta lililochakaa, kimya, anazunguka na birika la chai. Nilimtuma aniletee ndoo ya maji akaleta.

Ijumaa, 17 Oktoba

Baada ya chakula cha kuskusi, Mamass alikuja. Mamass ni mke wa Bihi, na kosa hilo si lake. Tunachuma pamoja kila msimu tangu tulipoolewa katika nyumba hii. Alikuwa na habari.

"Dada Keltuma, nimeulizia. Wanatengeneza sinema ya watu wanaotengeneza sinema."

"Sinema gani?"

"Ya malkia wa zamani aliyepanda farasi. Lakini hawajui kuitengeneza. Wanaanguka anguka, wanagombana, kila kitu kinaharibika."

"Basi si warudi shule."

"Ndiyo kazi yenyewe! Wanaigiza kutokujua. Ile kamera kubwa ni tupu, haina kitu ndani. Kuna vijana wengine wana vikamera vidogo, ndio wanaowarekodi wale wa kamera kubwa. Watu wakitazama wanacheka."

"Kwa hiyo wamekuja kutoka Casablanca wakiwa na magari tisa kuharibu kazi makusudi."

"Ehee!"

"Na wanalipwa?"

Mamass alicheka hadi akajifunika uso. Mimi sikucheka. Mume wangu aliharibu mgongo wake kwenye lile shamba akijaribu kutokuharibu kitu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Maua matatu ya kwanza. Leo sijamgombeza mtu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Leo nimegombeza kijiji kizima.

Nilikuwa natoka shambani na kikapu nikakuta watu wanne wamekaa juu ya ukuta wangu wa mawe, wanaonyeshana kwa vidole. Mmoja anasema, "Hapa zambarau ya maua itatoka vizuri, farasi wakipita katikati." Katikati ya nini? Nikawashusha ukutani kwa maneno ambayo muuguzi angeyaandikia dawa ya pili. Halafu nikaenda moja kwa moja kwa mkubwa wao.

Alikuwa kwenye kiti chake cha kitambaa, kofia nyekundu kichwani, anamfokea mtu kuhusu ngamia. Nikamwambia, "Wewe mwenye kofia, nyumbani kwangu. Sasa hivi." Akatazama huku na huku, akainuka akanifuata. Nyuma yake wakaja wawili wenye vikamera. Niliwafungia mlango.

Nilimwekea mkate wa moto, mafuta ya argani, asali, chai. Hata adui akiingia ndani ya nyumba hii anakula. Jina lake Si Tibari. Alikula kama hajaona chakula tangu Idi. Alipomaliza kuchovya tonge la tatu nikamweleza yote: Belaid, Bihi, sharti la familia, maua. Nikamwambia, "Nataka neno lako. Hakuna mguu wa mtu wala ukwato wa mnyama utakaoingia shambani kwangu mpaka ua la mwisho litoke."

Nikaona macho yake yamelowa kidogo, nikadhani ni moshi. Kisha akaweka mkono kifuani, akasema kwa ile sauti yake nene, "Lalla Keltuma, mimi ndiye mkuu hapa. Farasi watapita kule chini, kwenye mkondo mkavu wa mto. Neno langu hilo."

Kwetu mtu akishachovya mkate kwenye mafuta yako na akasema neno, hilo neno halitaki karatasi. Nimelala vizuri mchana huu kwa mara ya kwanza tangu waje.

Majirani wote walimwona akitoka kwangu anafuta mdomo. Waone tu.

Jumatano, 22 Oktoba

Umande mwingi. Vikapu viwili. Bihi kapita, kapima kwa hatua, kaondoka.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kuna mtu ameanguka kutoka kwenye ngazi pale uwanjani. Kijiji kizima kilipiga makofi. Akalia, tukazidi kupiga makofi, maana alilia vizuri kuliko siku zote. Ilichukua muda mpaka mtu aone mguu umeelekea upande usio wake. Alikuwa ni fundi wa umeme, haigizi kitu.

Nina hasira na nafsi yangu. Na mimi nilipiga makofi.

Wamempeleka Taliouine. Vikamera vilimfuata mpaka mlango wa gari.

Jumatatu, 27 Oktoba

Asubuhi nilikuwa nampa punda wangu maneno yake, maana alikuwa amelala chini na kikapu mgongoni. Nilimwambia kila nilichokuwa nacho, na mengine niliyokuwa nimemwekea Bihi. Nikageuka, nikaona kioo cha kamera kati ya majani ya mtini.

"Toka humo!"

"Endelea mama, usinitazame mimi," anasema kijana. "Uko vizuri sana."

Nilimmwagia maji ya kuoshea miguu. Hakuizima. Aliifunika kwa koti lake mwenyewe, yeye akalowa chapachapa, mashine ikabaki kavu. Watu hawa wakipewa mtoto na kamera wavuke mto, watarudi na kamera.

Mchana, tulipokuwa tunatoa nyuzi nyekundu kutoka kwenye maua, nilimuuliza Mamass kwa nini wananifuata mimi. Akasema, "Kwa sababu unawaka bila kiberiti." Hata yeye.

Bihi kapita tena. Leo alipima kutoka kwenye mwanya wa ukuta, pale ninapoweka miiba usiku kuzuia mbuzi.

Jumatano, 29 Oktoba

Baridi imeshuka kutoka mlima Siroua. Vichwa vya maua vimejaa ardhi nzima. Kesho ndiyo siku yake kubwa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mikono bado ina matope. Naandika hivyo hivyo.

Mamass hakuja. Nilimsubiri kidogo njiani, nikasema labda tumbo, nikaenda peke yangu. Ukungu ulikuwa umelala shambani na maua yamechanua yote kwa pamoja. Siku kama hii huja mara moja kwa msimu na inataka mikono sita. Mimi nina miwili. Nikapiga magoti nikaanza upande wa mbali, chini kabisa, bila kuinua kichwa.

Kufikia jua kutokeza, nilikuwa nimechuma kama robo. Nikasikia farasi kwenye mkondo wa mto. Sikushtuka, maana ndiyo njia waliyoahidi. Nikasikia Si Tibari akifoka, "Haya, malkia! Haya, jeshi!" Nikaendelea kuchuma. Nilikuwa na neno la mtu.

Kisha ardhi ikatikisika magotini pangu.

Niliinua kichwa nikaona farasi wa kwanza anaingia kwenye mwanya. Miiba haikuwepo. Akaja wa pili, na wa tatu, kumi na wawili wote, na yule msichana wao wa taji mbele, amefumba macho kwa hofu. Walipita katikati ya shamba langu. Walifika kwenye ukuta wa juu, hapakuwa na pa kutokea, wakageuka. Wakapita tena.

Si Tibari alikuwa anakimbia nyuma yao na koti lake refu, anapiga mayowe, "Kata! Kata! Simameni! Si huku! Kataaa!" Wapanda farasi walimtazama wakacheka. Mmoja akampigia saluti. Alijitupa mbele ya farasi mmoja, akaangukia tumbo, farasi akamzunguka kwa heshima na kukanyaga tuta lingine.

Mimi nilikamata hatamu ya mmoja. Niliburutwa hatua tatu, nne. Kikapu kikamwagika.

Walipotoka, shamba lilikuwa matope ya zambarau. Matuta yamevunjika, mifereji ya maji imefukiwa, na vitunguu vya mbegu vya zafarani, vingine vilivyopandwa na Belaid mwenyewe, vimetoka nje vimepasuka. Bihi alikuwa amesimama kwenye mwanya, mikono kifuani.

Nikamfuata Si Tibari. Alikuwa amekaa chini, kofia nyekundu mapajani. Nilimpiga kwa kikapu. Nilimpiga mpaka kikapu kikatoka mkononi.

"Ulikula mkate wangu! Ulikula mkate wangu ukaweka mkono kifuani!"

"Nipige tu, mama."

"Wewe si ndiye mkuu? Kwa nini hawakukusikia?"

"Mama," akasema, na sauti haikuwa ile nene tena, ilikuwa sauti ya mzee mchovu wa mjini. "Mimi si mkuu wa kitu. Ni mwigizaji. Nimeajiriwa kuwa mwongozaji mjinga. Kazi yangu ni kupiga kelele na watu wasinisikie. Nimeagizwa nisivue uigizaji mbele ya mwanakijiji yeyote, hata nikiwa mezani kwake."

"Mkuu ni nani?"

Akanyoosha kidole. Juu ya ukuta wangu alikuwa amesimama yule kijana wa sweta na birika, kamera ndogo begani, anatutazama. Nizar ndilo jina lake. Alikuwa amesimama pale tangu mwanzo.

"Umeona?" nikamwuliza. "Umeona yote?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukupiga kelele? Wewe wangekusikia!"

Akafikiri, mjinga yule, akafikiri kweli kama mtu aliyeulizwa swali shuleni. "Nilikuwa narekodi," akasema.

Muuguzi, daftari lako halitoshi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Baada ya sala Bihi alipeleka kesi barazani. Niliitwa. Wanaume saba kwenye mikeka, na Da Idder, mkubwa wa baraza, ambaye anasikia kwa sikio moja na hasemi ni lipi.

Bihi alisema kwa upole, na upole wake ndio unaoniua. "Ndugu zangu, shemeji yangu ni mwanamke mchapakazi, sikatai. Lakini tamaa ya sinema imemshika. Alimwita mkuu wao nyumbani kwake, akamlisha, wakafunga mlango, wakapatana. Kijiji kizima kilimwona akitoka anafuta mdomo. Jana shamba lilikuwa limejaa maua yamechanua, hayakuchumwa. Yamenyauka ardhini. Sharti tunalijua."

"Yamekanyagwa na farasi!" nikasema.

"Waliofunguliwa na nani, shemeji? Miiba ni yako."

Da Idder akauliza kama nina shahidi. Nikasema sina, lakini nina daftari, kila siku nimeandika. Nikamsomea ile siku ya mkate na neno. Walisikiliza. Mmoja alicheka pale kwenye tonge la tatu.

"Binti yangu," akasema Da Idder, "hili umeliandika wewe. Hata mimi ningejiandikia mazuri."

Nimepewa mpaka Jumatatu. Kama hakuna wa kusema vingine, shamba ni la Bihi. Nimetoka pale nikaenda shambani, nikachuma maua yaliyobaki kwenye kona ambayo farasi hawakufika. Nimechuma na kulia, na hasira imenizidi kwa kuwa nalia.

Jumamosi, 1 Novemba

Mamass alikuja mchana, akakaa, akaanza kutoa nyuzi bila kuniamkia. Ilikuwa kazi ndogo, maua yalikuwa machache. Mimi pia sikumwamkia.

"Alinifungia ndani," akasema mwishowe. "Alhamisi. Alichukua ufunguo."

Nikaacha kutoa nyuzi.

"Nilipanda darini. Nilimwona akiondoa miiba. Aliitupa upande wa pili wa ukuta. Halafu akasimama njiani akawapungia mkono wale wa farasi."

"Mamass. Njoo uliseme hilo barazani."

"Nikilisema, nitalala wapi?" Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Wewe una nyumba yako, dada. Mimi nina ya Bihi. Lakini sikiliza. Yule kijana wa birika alikuwa juu ya ukuta, hatua kumi kutoka kwa Bihi. Ana kila kitu mle ndani. Iulize kamera. Kamera haina mume."

Nimemjua Mamass miaka thelathini na nilikuwa namwona mwanamke wa kucheka cheka. Nimemwona vibaya.

Nikaenda mahemani. Nizar alikuwa anakula dengu na Si Tibari.

"Unayo?" nikamwuliza. "Shemeji yangu, kwenye mwanya?"

"Ninayo."

"Basi njoo uionyeshe barazani Jumatatu."

"Mama, sionyeshi kitu kabla sinema haijakamilika. Hiyo ni kanuni yangu."

"Na kanuni ya kukaa juu ya ukuta wa mtu ukimtazama anaangamia, hiyo uliisomea wapi?"

Si Tibari akaweka kijiko chini. "Nizar, bado hujamaliza tukio la mwisho, si ndiyo? Lile la mwongozaji analia peke yake jangwani."

"Ndiyo, Si Tibari. Jumanne."

"Usipoonyesha, sitalia. Tafuta mwingine wa kuvaa kofia hii. Mimi nimekula mkate wa huyu mama."

Bado ni mwongo, lakini ni mwongo anayeona haya, na hao ni wachache.

Nizar akatoa karatasi kwenye begi. Akasema hata yeye ana shida na mimi. Wamenirekodi tangu siku ya kwanza: ukutani, mlangoni, kwa punda, na kikapu. Sinema nzima imegeuka, sasa inanizunguka mimi. "Bila wewe sina sinema, mama. Na bila sahihi yako siwezi kuitoa. Kila anayeitazama anacheka mpaka analia."

"Mnacheka nini?"

"Hasira yako."

Niliitazama ile karatasi. Nchi nzima itanikalia sebuleni ikinicheka nikilia juu ya shamba langu. Binti yangu Agadir, wakwe zake, muuguzi.

"Lionyeshe baraza alichofanya Bihi," nikasema. "Nitatia sahihi baadaye. Si kabla."

"Nikikuonyeshea halafu ukatae?"

"Utakuwa umepewa neno juu ya dengu. Uone linavyouma."

Jumapili, 2 Novemba

Sijalala wala sijagombana. Presha naisikia masikioni.

Jumatatu, 3 Novemba

Darasani, shule ya kijiji, alasiri, madirisha yamezibwa mablanketi. Nizar alitundika shuka ukutani. Baraza lilikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Bihi alikuja akitabasamu, maana alidhani ni sinema ya malkia. Nje wanawake walijipanga kwenye mlango ulioachwa wazi, Mamass nyuma kabisa.

Kwanza nilitokea mimi. Nizar alisema picha ziko kwa mpangilio wa siku na hawezi kuruka. Nilijiona ukutani nikiwashusha wale wanne. Nilijiona nikimhutubia punda. Da Idder alianza kucheka kwa bega moja, akacheka kwa mawili, imamu akajificha ndani ya kofia ya joho lake, na darasa lote likaangua kicheko. Sijawahi kujiona nikigomba. Mishipa ya shingo, mkono hewani, skafu imekwenda upande. Na punda amelala tu. Nilitaka ardhi inimeze, kisha nikataka iwameze wao.

Halafu ukungu. Kicheko kikapungua. Mimi nikawa kidoa kidogo mbali, nimeinama. Na hapa karibu, mkubwa kuliko mtu halisi, Bihi, haoni ukutani kwa ukungu, anainua miiba yangu kwa mikono yake miwili anaitupa nje. Farasi wanakuja kwenye mkondo wa mto. Bihi anawapungia: "Huku! Mkuu kasema mpite huku!" Wanaingia. Si Tibari anakimbia, "Kata! Kata!"

Na hapo Bihi, aliposikia kata, akalegea. Alijua, kama sote tulivyojua, kwamba mkuu akisema kata mashine zinazimwa. Hakujua kwamba za watu hawa hazijawahi kuzimwa hata mara moja. Akajifuta mikono, akamwambia mpanda farasi wa mwisho, wazi kabisa, na shuka lote likajaa mdomo wake:

"Pita na pale kwenye kona pia. Usimwachie hata moja. Miaka mitano nimesubiri shamba hili."

Hakuna aliyecheka. Kiti kimoja cha mtoto kikavunjika, sikujua cha nani.

Da Idder akasema, "Rudisha. Sikusikia vizuri." Nizar akarudisha. Da Idder akasema, "Tena." Nadhani alisikia tangu mara ya kwanza.

Bihi alisimama. "Nilikuwa naigiza," akasema. "Hata mimi niko kwenye sinema, wote tumo, mwulizeni!"

Wakamtazama Nizar. Nizar alitikisa kichwa. Kuigiza kwa Bihi hakukuwa kwenye karatasi yake.

Hukumu haikuchukua muda. Shamba ni langu na sharti limefutwa, mpaka nife. Bihi atayatengeneza matuta yote na mifereji yote kwa mkono wake mwenyewe, asilipe kibarua, asimtume mke. Waliposema asimtume mke, nilisikia mlangoni mtu anapumua.

Nilitia sahihi pale pale kwenye dawati. Sikusoma. Najua kilichoandikwa: kwamba nimewapa hasira yangu waichekee watakavyo. Si Tibari alikuja kunishika mkono, nikamwacha aushike. Nizar alisema asante. Sijamsamehe. Aliniokoa kwa kitu kile kile alichokiiba, na wala hajui tofauti.

Alhamisi, 6 Novemba

Vikapu havijai tena. Mamass kachuma na mimi. Anasema Bihi anakula peke yake siku hizi, na nyumbani kumetulia sana.

Jumamosi, 8 Novemba

Ua la mwisho leo. Nimelichuma mwenyewe.

Magari yalikuwa yanafunga mizigo. Bihi alikuwa shambani tangu asubuhi, tuta la nne, amepiga magoti kwenye udongo uliokauka. Nilisimama mbele yake na fimbo yangu. Nikawa namtazama. Hakuinua kichwa.

Nizar akaja mbio kutoka kwenye gari, kamera begani. Akasimama kwenye mwanya. Safari hii hakuingia, nampa hilo.

"Mama, nakuomba. Dakika moja tu. Wewe umesimama, yeye amepiga magoti. Huu ndio mwisho wa sinema. Kilio cha Si Tibari hakitoshi kuwa mwisho. Watu watapiga makofi."

Wangepiga, najua. Niliota picha hiyo miaka mitano, Bihi magotini mbele yangu na watu wote wanaona. Niliigeuza geuza kichwani. Bihi alikuwa ameacha kuchimba, anangoja nitasema nini, na shingo yake ilikuwa nyekundu kwa jua na kwa haya.

"Hapana," nikamwambia Nizar.

"Lakini ulitia sahihi..."

"Nilitia sahihi ya hasira yangu mliyoiiba. Hii hujaiiba bado, na hutaiiba. Rudi garini."

"Mama, hutaki watu waone?"

"Sitaki wacheke. Mimi bado sijamaliza kukasirika."

Aliondoka. Nikachukua miiba nikaziba mwanya nyuma yake, nikasubiri mpaka gari la mwisho lilipovuka mto. Bihi akafuta uso. Nadhani alidhani nimemhurumia, maana alifungua mdomo akaanza, "Shemeji, Mungu akulipe..."

Nikamwambia jembe linakata vitunguu vyangu. Aliweke chini, atumie vidole.